Ndege ya karatasi: jinsi ya kuikunja, kuipima na kujua nishati yake imekwenda wapi

Kila muhula maswali ni yale yale. "Mbona ndege yangu inachimba kwa pua?" "Nikiirusha kwa nguvu zote, si itafika mbali zaidi?" Na lile ninalolipenda kuliko yote, la mtoto aliyeokota ndege yake sakafuni: "Pale juu ilikuwa na nishati. Sasa imelala hapa. Nishati imekwenda wapi?"

Nimechoka kujibu moja moja, kwa hiyo nimeyaandika yote hapa. Utahitaji kujua kuzidisha na kugawanya, basi. Fuata hatua kwa mpangilio, hasa zile za kupima, maana ndizo wengi huziruka na kubaki na ndege nzuri isiyowafundisha kitu.

Andaa hivi kwanza

- Karatasi tatu za A4 za gramu 80, mpya, zisizo na mikunjo. Karatasi ya daftari ni laini mno; mabawa yatalegea.
- Rula na penseli.
- Futikamba, au kamba uliyoitia alama kila mita.
- Simu au saa inayohesabu sekunde.
- Kibanio kimoja kidogo cha karatasi, cha waya.
- Selotepu.
- Ukumbi au korido ndefu isiyo na upepo, mita 12 hivi. Zima feni, funga madirisha.
- Mwenzako mmoja. Ukipata wawili, bora zaidi.

Mizani huhitaji. "Gramu 80" iliyoandikwa kwenye pakiti ni ya mita ya mraba moja, na A4 ni sehemu ya 16 ya mita ya mraba. 80 gawanya kwa 16 ni 5. Ndege yako itakuwa na gramu 5, hata uikunje vipi, mradi usikate kipande.

Nadharia, kidogo tu

Eropleni yenye injini husukumwa na kani nne: uzito unaoivuta chini, kani ya kuinua itokayo kwenye mabawa, msukumo wa injini, na ukinzani wa hewa unaoirudisha nyuma. Yako haina injini. Ikishatoka mkononi zimebaki tatu.

Bawa hubeba kwa sababu huielekeza hewa chini, na hewa nayo hulisukuma bawa juu. Huenda umesikia kwamba hewa ya juu ya bawa husafiri njia ndefu, kwa hiyo hukimbia ili iwahi kukutana na mwenzake wa chini kule nyuma. Ifute hiyo. Hewa hazina miadi. Ya juu hufika nyuma mapema kuliko ya chini. Tena bawa lako la karatasi ni bapa, juu na chini sawa, na litaruka.

Kuhusu nishati, shika jambo moja. Kitu kilichoinuliwa kina akiba kwa sababu ya kimo chake. Vitabu vingine huiita nishati tuli. Hapa nitaiita nishati ya kimo, ili usisahau inatoka wapi. Kitu kinachokwenda kina nishati mwendo. Nishati haizaliwi wala haifi, inabadili sura tu. Ndege isiyo na injini haina mfuko mwingine wa kutolea zaidi ya kimo: kila mita inayokwenda mbele, inailipia kwa kushuka.

Kabla ya kukunja: karatasi mbili

1. Chukua karatasi mbili. Moja ifinyange iwe mpira mdogo, uibane sana. Nyingine iache bapa. Ziachie pamoja kutoka kimo cha mita 2.

Zote mbili zina gramu 5, zote zimeanzia kimo kimoja, kwa hiyo zimeanza na akiba sawa. Mpira utagonga sakafu baada ya sekunde 0.64 au zaidi kidogo, ukiwa na kasi inayokaribia mita 6 kwa sekunde. Karibu nishati yake yote ya kimo imekuwa mwendo. Ile bapa itayumbayumba na kuchelewa, kwa sababu njia nzima ilikuwa ikiisukumasukuma hewa. Akiba moja, matumizi mawili. Ndege ni njia ya tatu ya kuitumia: polepole, na kwa faida ya umbali.

Kukunja

2. Weka karatasi wima mbele yako, upande mfupi ukiwa juu. Ikunje katikati kwa urefu, kaza mkunjo kwa ukucha au rula, kisha ifungue. Mstari huu wa kati ndio utakaokuongoza hadi mwisho.

3. Kunja pembe mbili za juu zikutane kwenye mstari wa kati. Umepata umbo la paa.

4. Kunja paa lote lije chini, ncha ielekee kwako. Karatasi sasa inafanana na bahasha, na urefu wake umekuwa sentimita 19.2.

5. Kwenye mstari wa kati, pima sentimita 8 kutoka ukingo wa juu, tia nukta. Leta pembe mbili mpya za juu zikutane kwenye nukta hiyo. Pua itabaki bapa, upana wa sentimita 4 na kitu, na chini ya nukta kitachungulia kipembetatu kidogo.

Hapa ndipo wanaoanza hukosea. Wanaona pua bapa, wanadhani wameharibu, wanaikunja upya hadi iwe kali kama mshale. Iache. Mshale unahitaji kasi kubwa ili ukae hewani. Sisi tunataka ndege itulie na kwenda polepole, ipimike.

6. Kikunje kipembetatu kile juu, kizifunike pembe mbili. Hilo ndilo kufuli. Bila hilo ndege itafunguka tumbo ikiwa hewani.

7. Kunja ndege yote katikati kwa kurudisha nyuma, kufuli libaki nje upande wa tumbo.

8. Pima sentimita 2 kutoka ukingo wa tumbo, chora mstari sambamba nao, kisha kunja bawa moja chini kwa kufuata mstari huo. Geuza, fanya la pili. Tumia rula, usikadirie kwa jicho. Bawa moja likizidi lingine hata kwa milimita tatu, ndege itazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa.

Kusawazisha

9. Ibebe ndege kwa ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, karibu na mwili. Sogeza vidole mbele na nyuma mpaka itulie bila kuinama. Hapo ndipo kitovu cha uzito. Kwa ndege hii kiwe karibu sentimita 8 kutoka puani, yaani mbele ya nusu ya urefu. Tia alama kwa penseli pande zote mbili, utaihitaji hatua ya 16. Kikiwa nyuma sana, rudi ukaangalie hatua ya 4 na 5, kuna mkunjo uliokosewa.

10. Itazame kutoka mbele. Mabawa yainuke kidogo kuelekea ncha, umbo la herufi Y iliyofunguka sana. Bawa likiinama upande mmoja, umbo hilo huisaidia ndege kujirudisha sawa. Mabawa yaliyolegea chini hufanya kinyume.

11. Kwenye ukingo wa nyuma wa kila bawa, pinda milimita 2 au 3 juu. Kidogo tu, ungali unaona kwa taabu. Hewa ikigonga mapindo hayo hukandamiza mkia, na pua inainuka.

Kurusha

12. Shika tumbo chini ya alama ya kitovu. Isukume mbele ikiwa sambamba na sakafu, au pua imeshuka kidogo, kwa mkono mlegevu, kama mtu anayemsogezea mwenzake kitu mezani. Sio kutupa.

Swali la nguvu linajibiwa hapa. Ukiirusha kwa nguvu, umeipa nishati mwendo zaidi ya inayohitaji. Haitaitumia kwenda mbali moja kwa moja: bawa likienda kasi hubeba zaidi ya uzito wa ndege, kwa hiyo ndege inapanda. Mwendo unageuka kimo. Ikipanda wima mno inafika juu bila kasi, mabawa yanaacha kubeba, pua inaanguka. Isitoshe, ukinzani hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa mara mbili, ukinzani ni mara nne. Umelipia bei ya juu kwa mita zile zile.

Rusha mara kumi za mazoezi kabla ya kupima chochote. Rekebisha mapindo ya hatua ya 11 mpaka ndege ishuke kwa mstari ulionyooka, bila kupanda wala kuchimba. Usirushe kuelekea uso wa mtu. Pua hii si kali, lakini jicho ni jicho.

Kupima

13. Weka alama mbili ukutani, mita 1 na mita 2 kutoka sakafuni. Kwa alama ya chini piga goti. Kwa ya juu simama kwenye kiti imara ambacho mwenzako amekishika. Viti vya magurudumu havifai kabisa. Rusha mara tano kutoka kila kimo, kwa mkono ule ule mlegevu. Pima kutoka chini ya mkono wako hadi mahali ndege ilipogusa sakafu kwa mara ya kwanza. Usipime hadi iliposimama baada ya kuteleza sakafuni. Hilo ndilo kosa la pili kwa wingi. Katika kila tano, ondoa refu kuliko zote na fupi kuliko zote, tafuta wastani wa tatu zilizobaki.

14. Sasa hesabu. Tuseme umepata mita 5 kutoka kimo cha mita 1, na mita 9 kutoka kimo cha mita 2. Wengi hugawanya umbali kwa kimo na kuishia hapo: 5 kwa 1 ni 5, 9 kwa 2 ni 4.5. Majibu mawili kwa ndege moja! Lipi la kweli?

Hakuna. Mkono wako uliongeza nishati kidogo kila mara, na umbali huo wa bure umeingia kwenye hesabu. Uondoe kwa kutoa: 9 toa 5 ni mita 4 za mbele, 2 toa 1 ni mita 1 ya kushuka. Ndege hii huenda mita 4 kwa kila mita inayoshuka: 4 ndiyo uwiano wake. Ule umbali wa ziada, mita 1, ulitoka mkononi, na kwa sababu ulikuwemo kwenye vipimo vyote viwili, umejifuta wenyewe. Hii ndiyo sababu nakusumbua kupanda kiti.

Ndege za karatasi kwa kawaida huwa kati ya 3 na 6. Ndege za michezo zisizo na injini, zile za mabawa marefu membamba, hupita 40.

15. Daftari la nishati. Nishati ya kimo kwa jouli ni tungamo kwa kilo, zidisha kwa 9.8, zidisha kwa kimo kwa mita. Gramu 5 ni kilo 0.005. Ndege iliposhuka kutoka mita 2 hadi mita 1 ilitumia:

0.005 × 9.8 × 1 = jouli 0.049

Ni nishati unayotumia kuinua kitu cha gramu 100 kwa sentimita 5. Je, imegeuka kuwa mwendo, kama ile ya mpira wa karatasi? Usibahatishe, pima. Tia alama sakafuni kwa selotepu kwenye mita 2, 5 na 8. Mwenzako arekodi video kutoka pembeni wakati unarusha kutoka kimo cha mita 2, kisha hesabuni muda wa mita 2 hadi 5, na wa 5 hadi 8. Kama ndege imesawazishwa vizuri, nyakati hizo mbili zitakaribiana sana. Kasi haikuongezeka. Nishati mwendo ni ile ile, na kimo kimepungua.

Basi jouli 0.049 zote zimekwenda kwa hewa. Kila ndege ilipopita, iliacha nyuma hewa inayozunguka na kutikisika, mtikisiko huo ukatulia, na ukumbi ukapata joto dogo mno lisilopimika kwa kipimajoto chochote cha shule. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya jibu kwa mtoto wetu wa mwanzo. Iliyobaki, ile nishati mwendo ambayo ndege ilikuwa nayo hadi mwisho, iliishia sakafuni kama sauti na joto.

Unaweza hata kujua ukinzani wa hewa ni kiasi gani: gawanya nishati kwa umbali, 0.049 kwa 4, unapata nyutoni 0.012. Umepima kani isiyoonekana kwa futikamba.

Angalia vipimo lakini. Ukiweka 5 badala ya 0.005 utapata jibu kubwa mara elfu, na hutashtuka. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya abiria aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta juu ya Kanada, katika kimo cha mita 12,500 hivi, kwa sababu mafuta yalihesabiwa kwa ratili mahali palipotakiwa kilo. Injini zote mbili zilizima. Rubani Robert Pearson, ambaye pia alikuwa mrushaji wa ndege zisizo na injini, aliiteremsha ikienda mita 12 hivi mbele kwa kila mita ya kushuka, hadi uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli. Na karibu na kutua tatizo likageuka: alikuwa na kimo kingi mno. Akaiinamisha ndege ubavu, ili hewa iikinze zaidi na kuila nishati iliyozidi. Watu 69 waliokuwemo walinusurika wote.

16. Jaribio la kubishana. Bandika kibanio cha waya kwa selotepu kwenye tumbo, sawasawa chini ya alama ya kitovu. Kabla hujarusha, waulize walio karibu: itafika karibu zaidi? Wengi watasema ndiyo, kwa kuwa imekuwa nzito. Rudia hatua ya 13 na 14.

Utaona uwiano haujabadilika sana. Kilichobadilika ni kasi. Ndege nzito ina akiba kubwa zaidi kwenye kimo kile kile, na inaitumia kwa kwenda haraka. Marubani wa ndege zisizo na injini hulijua hili: kwenye mashindano hujaza maji ndani ya mabawa ili waende kasi, na huyamwaga kabla ya kutua.

Ikikataa

*Inachimba kwa pua mara tu inapotoka mkononi.* Ongeza mapindo ya nyuma, nusu milimita kwa nusu milimita. Kama bado, huenda unarusha ukiwa umeelekeza mkono chini bila kujua. Mwambie mwenzako akutazame kutoka pembeni.

*Inapanda, inasita, inaanguka, inapanda tena kama mawimbi.* Mapindo yamezidi, au unarusha kwa nguvu. Punguza nguvu kwanza. Watu hukimbilia kupinda karatasi wakati kosa liko begani.

*Inakata kona upande mmoja.* Linganisha mabawa kutoka mbele. Yakiwa sawa, angalia mapindo: upande ulioinuliwa zaidi huikandamiza ndege upande huo, nayo hugeukia huko. Yakiwa sawa pia, mkunjo wa katikati ulikosea hatua ya 2, na hapo dawa ni karatasi mpya.

*Vipimo vyangu vimetawanyika, mara mita 4, mara 8.* Ni mkono. Egemeza kiwiko ukutani au kwenye mgongo wa kiti, tumia kiganja tu.

*Uwiano wangu ni mdogo kuliko 2.* Uwezekano mkubwa ndege imelegea tumbo, kufuli limefunguka. Bana tumbo kwa kipande kidogo cha selotepu, sentimita 2 inatosha, kisha upime upya kitovu cha uzito.

*Umbali wa kutoka mita 2 ni mfupi kuliko wa mita 1.* Juu ya kiti unaogopa, unarusha kwa kushtuka. Shuka. Tumia vimo vya sentimita 70 na 140 ukiwa sakafuni. Hesabu ni ile ile, mradi ugawanye kwa mita 0.7.

*Ilikuwa nzuri asubuhi, mchana haifai.* Karatasi hunywa unyevu wa mikono na wa hewa, ikalainika. Kunja nyingine, na safari hii ishikeni kwa zamu badala ya watu kumi kuipapasa kwa pamoja.